Mbuzi wa Karatasi

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Mudathiru amelala. Ana miezi minane, meno mawili, na usingizi wa mlinzi wa benki: jicho moja wazi. Naandika haraka.

Asubuhi Marguerite alipita akielekea mpakani na beseni lake la nyanya. Hakukaa. Alisimama mlangoni na uso wa mtu anayeleta habari za msiba, akaniambia kwamba Jumapili zetu zimehamia kwa Drocella, jirani yetu wa kule juu. Moja kwa moja. Drocella ana televisheni mpya ya ukutani, pana kama mlango wa kanisa, na kuna tamthilia ambayo ukikosa Jumapili moja hujui tena nani amemzaa nani. Na mimi nakaribishwa, alisema. Akamwangalia mtoto mgongoni mwangu. Kisha akaangalia nyanya zake.

Nakaribishwa! Nilikwisha kwenda huko Jumapili moja. Bibi harusi wa tamthilia alipoanguka kwenye ngazi, Mudathiru akalia. Drocella akaongeza sauti. Mudathiru naye akaongeza ya kwake. Ndipo Drocella akasema, kwa upole kabisa, kwamba labda mtoto anahitaji hewa. Jumapili ile niliimalizia nje, chini ya paa lake, mvua ikininyeshea miguu, wenzangu wakicheka ndani.

Zamani Jumapili zilikuwa zangu. Baraza langu, chai yangu ya tangawizi, mandazi yangu. Mimi, Shadia na Marguerite, tukisukana nywele na kuwasema watu kwa utaratibu, mtaa kwa mtaa. Sasa wiki nzima naongea na mtu anayejua neno moja, nalo ni "ba". Mume wangu Hakimu yuko soko la Kamembe na cherehani yake mpaka jua linazama, na akirudi anaongea habari za zipu. Mtaa mzima unaniita Maman Mudi. Jumapili ndiyo siku pekee mtu ananiita Uwase.

Sikulia. Nilimenya mihogo kwa nguvu.

Jumapili zangu nitazirudisha. Mimi si mtu wa kushindwa na kioo.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Nimepata! Tena nikiwa nanyonyesha, simu mkono wa kushoto.

Kumbe kuna watu huko duniani wanabuni michezo ya mezani na kuigawa bure. Bure kabisa! Unaipakua, unaichapisha, unaikata, unacheza. Michezo ya wafalme, ya majasusi, ya wakulima, mingi kama dagaa. Nimechagua miwili. Wa kwanza mdogo, wa majasusi. Wa pili ndio silaha yangu: unaitwa Ghala Nne. Kila mchezaji ana ukoo wake wenye rangi yake, na ghala lake. Anakusanya mbuzi, samaki, kuni na ndizi. Wa kwanza kulijaza ghala ameshinda. Na kuna kadi moja tamu sana: Nyang'anya. Ukiipata, unachukua chochote cha jirani.

Televisheni haiwezi kukunyang'anyia mtu mbuzi. Hapo ndipo nimemshinda Drocella kabla hatujaanza.

Sheria ni ndefu. Simu ilinitafsiria mbili tatu za mwanzo, nikaona nimeelewa. Zilizobaki nitazimaliza kichwani.

Nikamfunga Mudathiru mgongoni, nikaenda kwa Ladislas wa fotokopi. Umeme ulikuwa umekwenda. Tukangoja. Uliporudi, Ladislas akasema wino wa rangi umekwisha, lakini mweusi upo, na kwamba mtu mwenye akili haoni tofauti. Nikamwambia atoe.

Koo nne zimetoka. Ukoo mwekundu ni wa kijivu. Wa bluu, kijivu. Wa kijani, kijivu. Wa manjano, kijivu kidogo.

Si kitu. Rangi ninazo jikoni.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Siku ya kazi nzuri. Nyekundu: mawese. Bluu: ile ya kufulia. Manjano: bizari. Kijani: sombe, majani ya mihogo niliyoyatwanga. Niliwahi kusikia kwamba wachoraji wakubwa huteseka kwa ajili ya rangi. Mimi nimemaliza kabla ya sufuria kuchemka.

Kasoro ndogo. Mawese yamepenya, sasa ukoo mwekundu unaonekana mpaka upande wa pili. Atakayecheza na mwekundu hana siri. Nitampa Drocella.

Kasoro nyingine. Mfalme wa kijani hana kichwa. Kichwa kiko ndani ya Mudathiru. Nilijaribu kukitoa kwa kidole, akaniuma kwa meno yake yote mawili. Nikamkemea, halafu nikambusu, halafu nikamkemea tena asije akadhani nimelegea. Kichwa nitakiona kesho.

Kukata ndiko kulikotaka kunishinda. Kisu kinararua. Wembe umepotea. Hakimu alikuwa ameuacha nyumbani mkasi wake mkubwa, ule mweusi wa kukatia kitambaa, uliofungwa kwenye flaneli kama mtoto mchanga. Kwa kawaida hata kuugusa hairuhusiwi. Uzi tu wa nailoni ukikatwa nao, Hakimu anashika kifua. Karatasi, ndiyo usiseme. Fundi yeyote atakwambia karatasi inaua mkasi.

Lakini mkasi ni mkasi. Ulikata vizuri mno. Mbuzi wote, samaki wote. Nikaufuta, nikaufunga tena kwenye flaneli yake. Hajui mtu.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Jaribio la kwanza, pamoja na Shadia. Nilimwita eti aje kuonja mandazi.

Tulianza na mchezo wa majasusi. Kila mtu anapewa kadi ya siri, mmoja ni jasusi, na kazi ni kumtafuta kwa maswali. Nikamuuliza Shadia kama yeye ni jasusi. Akasema ndiyo. Nikamwambia hapana, unatakiwa kukana. Akauliza, nidanganye? Nikasema ndiyo, ni mchezo. Akafikiri. Tukaanza upya. Nikamuuliza kama ni jasusi. Akasema, "Siwezi kukujibu, Uwase, maana nikikujibu nitakuwa nimesema uongo." Mchezo wa majasusi nimeufuta kwenye simu.

Kisha Ghala Nne. Mambo yakaenda vizuri mpaka nilipotoa dadu. Shadia akarudisha mikono kama mtu aliyeona nyoka. Mume wake ni mwalimu wa madrasa. Dadu, alisema, haziingii mkononi mwake, hata za bure, hata za karatasi.

Sikubishana. Dini ni dini. Nikafikiri muda wa kumbadilisha mtoto nepi (kichwa cha mfalme kimepatikana, alhamdulillahi), na jibu likaja: maharagwe. Jekundu, hatua moja. Jeupe, mbili. Lenye madoa, tatu. Unachovya mkono kwenye soksi bila kuangalia. Shadia aliikagua soksi, akasema hiyo sawa, maharagwe hayana dhambi.

Nimechagua punje nzuri kabisa. Nimeziweka kwenye bakuli jikoni, zingoje Jumapili. Shadia ameahidi kuja. Aliongeza tu kwamba asichelewe sana, kwa sababu ya tamthilia.

Tamthilia! Nikatabasamu kama malaika.

Ijumaa, tarehe 10 Oktoba

Siku mbaya kidogo.

Hakimu alikuwa akikata kanzu ya mtu anayeoa wiki ijayo. Mkasi ukatafuna. Haukukata, ulitafuna, kama mbuzi. Akaugeuza, akautazama kwenye mwanga, akakuta ncha ndogo ya karatasi ya manjano imebana penye msumari. Akanusa. Bizari.

Alirudi nyumbani kabla ya sala ya Ijumaa, jambo ambalo hafanyi kamwe. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema kwamba mkasi ule alipewa na marehemu baba yake, na kwamba hajawahi kukatia hata kucha. Kisha akauliza, taratibu, nilikuwa nakata nini. Nikasema mbuzi. Akauliza mbuzi gani. Nikamwonyesha.

Akakaa kitandani, mbuzi wa karatasi mkononi.

Nikamwambia ukweli, maana mume wangu simdanganyi kitu kikubwa. Nikamwambia kwamba yeye ana soko zima la kuongea nalo, na mimi nina ukuta na "ba". Nikamwambia kwamba Jumapili wakienda kwa Drocella, sitakuwa na mtu. Sauti ilinikatika mwishoni, jambo ambalo sikulipanga.

Hakimu akamchukua mtoto. Akasema mkasi ataupeleka Bukavu kwa mzee anayenoa, atavuka mpaka Jumatatu. Akasema pia kwamba mfalme wa kijani anahitaji kichwa, akamchorea kipya kwa chaki yake ya kuchorea nguo. Kinafanana na Hakimu.

Mwanamume mwema. Lakini nimeahidi: mkasi sigusi tena. Nimeahidi kwa jina la Mungu na la mtoto.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Leo nimecheza karata yangu ya juu. Nimemwalika Drocella mwenyewe!

Hesabu ni hii. Nikiwaita wenzangu tu, wiki ijayo watarudi kwa televisheni. Lakini nikimshinda Drocella mbele yao, hadharani, nikamwacha hana hata kuni, nani atakwenda tena kukaa kwa mtu aliyeshindwa?

Nilipanda kwake na sahani ya mandazi, sahani yangu nzuri yenye maua, Mudathiru mgongoni. Televisheni ilikuwa inawaka peke yake sebuleni. Drocella alikuwa jikoni akila amesimama. Alishtuka kuniona. Mume wake yuko Kigali, anakuja mara moja moja. Nikampa mandazi, nikamwambia kesho saa tisa tunacheza kwangu. Akauliza kama kweli nimemwita yeye. Nikasema yeye hasa.

Akafurahi! Maskini. Akaniuliza avae nini.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Naandika na hasira. Nianze mwanzo.

Marguerite alikuja mapema, kabla sijamaliza kufagia, akaingia jikoni moja kwa moja kunisaidia, kama mtu yeyote mwenye adabu. Alipotoka akifuta mikono, alitangaza kwamba maharagwe ameyaona, ameyaosha, ameyatia motoni pamoja na yale mengine. Nikapiga ukelele. Akasema, "Weye Uwase, maharagwe iko mu bakuli, mu jikoni, nilipashwa kufanya nayo nini? Kuyaimbia?"

Dadu zangu zilikuwa zinachemka na kitunguu.

Shadia akafika, Drocella akafika. Drocella alivaa kitenge cha harusi. Tukakaa mkekani barazani, mvua ikinyesha mbele yetu, na hatuna cha kuhesabia hatua. Nilikuwa karibu kulia. Ndipo Drocella akaokota kijiwe, akakificha mkononi, akamnyooshea Mudathiru ngumi mbili. Mtoto akapiga ya kulia. Kijiwe kilikuwa humo. Akacheka cheko lake lote, mpaka akaanguka chali.

Basi. Akipata kijiwe, hatua mbili. Asipopata, moja. Tukamgeukia Shadia. Akafikiri, akasema mtoto si dadu, hata mume wake atakubali.

Mudathiru alifanya kazi ile kama mfalme. Hakulia hata mara moja. Kila zamu ya Drocella alikuwa anatambaa mwenyewe mpaka magotini kwake. Msaliti.

Sasa mchezo. Marguerite alikuwa wa kwanza kupata Nyang'anya. Nikamwambia haya, chukua! Akachukua mbuzi wa Drocella. Akamshika. Akamwangalia. Kisha akachukua samaki wake wawili akamwekea Drocella ghalani. Nikauliza anafanya nini. Akasema kwao hata sahani ya jirani hairudi tupu, sembuse zizi. "Mbuzi ya muntu haibebwake ivi-ivi!" Nikamwambia hiyo si sheria. Shadia akapata Nyang'anya, akachukua kuni za Marguerite, akamwachia ndizi, na akamwombea baraka. Drocella akachukua samaki wangu mmoja, akanipa kuni tatu na kuniuliza kama zinatosha, nina mtoto mdogo, nyumba isiwe na baridi.

Ghala halijai! Likijaa huku linapungua kule. Ndizi zilizunguka mkeka mzima kama sinia la msibani. Nikawaambia, jamani, kunyang'anya ni kunyang'anya. Marguerite akasema, "Kumbe ulituitaka huku tunyang'anyane? Si ungetuambia, ningekuja na fimbo!" Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Drocella naye alikuwa anacheka, analia machozi. Sikujua kama Drocella anacheka. Alikuwa amempa mbuzi wake jina, Madame, kwa sababu ana masikio ya mama mkwe wake, na kila Madame alipohama ghala, alikuwa anamuaga.

Wakasahau saa. Saa ya tamthilia ilipita, hakuna aliyeinuka. Mimi niliiona ikipita.

Hapo ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa na Nyang'anya nne chini ya goti. Nilizichapisha za ziada. Nikazitoa zote mara moja. Nikachukua samaki wa Drocella, kuni zake, ndizi zake, na mwisho Madame. Sikuacha kitu. Ghala langu likajaa. Nikasimama. Nikasema nimeshinda!

Mvua tu.

Drocella alitazama ghala lake. Akasema, polepole, kwamba basi. Akafunga vizuri kitenge chake. Akasema asante kwa chai. Shadia hakunitazama. Alisema mgeni hasindikizwi na mtu mmoja, ngoja na yeye aende. Marguerite akabeba mwavuli, akasema twende sote, njia ina utelezi.

Na wakaenda sote. Kumsindikiza Drocella. Mpaka kwake. Mpaka ndani. Nimebaki na mtoto, Madame, na sufuria la maharagwe ya watu watano. Kutoka kule juu nimesikia muziki wa tamthilia ukianza. Marudio.

Nimeshinda, na nyumba ni tupu. Kuna kosa mahali fulani. Nadhani ni yale mawese.

Jumatatu, tarehe 13 Oktoba

Sikuchana nywele. Hakimu alivuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza na mkasi wake ndani ya flaneli. Mudathiru alitambaa mpaka barazani, akakaa pale pale kwenye mkeka, akanyoosha ngumi mbili. Hakukuwa na mtu. Akaniangalia. "Ba?" Nikaingia ndani kuosha kitu ambacho kilikuwa safi.

Mchana mlango ukagongwa. Drocella, na sahani yangu yenye maua. Imejaa maparachichi ya kwao Gashonga, yamepangwa vizuri, juu yake leso.

Hakusema Maman Mudi. Alisema, "Uwase, nikae?"

Akakaa. Akasema jana walipofika kwake, waliwasha televisheni na hakuna aliyeitazama. Marguerite na Shadia walibishana habari za ndizi mpaka mwisho, kwamba nani angeshinda kama mimi nisingefanya vile. Akasema televisheni ile mume wake aliituma mahali pa kuja mwenyewe. Tangu ifike, watu wanajaa kwake, wanauangalia ukuta, wanaondoka. Hata sauti ya Marguerite alikuwa haijui vizuri. Akasema kwamba siku ile ya mvua, mtoto alipolia, alituona nje kupitia dirisha, akaona haya kutuita ndani, na haya ile imemkaa hapa. Akajigusa kifuani.

Kisha akaomba. Jumapili ijayo turudie kwangu. Wote wamekubali, yeye ametumwa. Ila kwa sharti: anayenyang'anya aache kitu.

Mudathiru alikuwa ameshapanda magotini kwake. Nikamwambia Drocella nitafikiri. Nikafikiri muda wa kukohoa mara moja. Nikasema sawa.

Akauliza pia, kwa aibu kidogo, kama anaweza kumwona Madame. Nikampa amchukue.

Alipoondoka nilimsindikiza hadi njia panda. Nilipogeuka nilikuwa naimba.

Jumatano, tarehe 15 Oktoba

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu, na liko wazi. Nilimshinda Drocella kabisa, akaja mwenyewe na maparachichi kuomba amani. Jumapili zimerudi. Ukoo mwekundu mikononi mwake na Nyang'anya nne chini ya goti, hiyo ndiyo iliyofanya kazi. Kama ningewaachia waendelee kupeana ndizi, tungefika wapi?

Sharti lao nimelikubali kwa mdomo. Kwa hiyo nimetafuta mchezo mwingine, ambao hauna kunyang'anya hata kidogo. Huu una kuteka. Ni vita vya majeshi manane, ramani ni karatasi kumi na mbili za kuunganisha. Bure! Ladislas amepata wino wa rangi, ila mwekundu tu. Majeshi yote nane yametoka mekundu. Mawese sitatumia, nimefundishika. Nitatumia rangi ya kucha ya Shadia.

Sahani ya Drocella sikuirudisha tupu. Ah, sahani ni yangu. Basi nimempelekea nyingine, na sambusa, na chini ya sambusa nimemwekea jeshi lake dogo kabisa, alizoee.

Mudathiru amelala. Macho yote mawili, leo.

Hakimu amekwenda msikitini. Mkasi umerudi kutoka Bukavu. Yule mzee ni fundi kwelikweli, amesema unakata kama siku ulipozaliwa. Hakimu ameuweka juu ya kabati, ndani ya flaneli mpya, nyuma ya sanduku, chini ya blanketi.

Nimekata karatasi moja tu. Kuhakikisha kama mzee hakutudanganya.

Zimebaki kumi na moja.